Barua ya wazi kwa Kapteni wa klabu yetu ya gofu: ile stoo isifagiliwe kwanza

Kapteni, shikamoo.

Najua ukarabati umekubana na simu zinakuja kila dakika, ndo maana nimeona niandike hapa wazi ili na wanachama wengine wasome. Ni kuhusu lile tangazo la ubaoni. Limesema stoo ya nyuma ya klabuhausi itolewe vitu vyote kabla mafundi hawajaanza, vikombe vya fedha vipelekwe kung'arishwa, na "takataka nyingine" zitupwe au ziuzwe kwa mkupuo. Vikombe sina shida navyo, vikombe siku zote vina wa kuvitetea. Hilo neno takataka ndo limeninyima usingizi.

Niseme mapema kabla mtu hajanisemea: mimi mwenyewe ni mkusanyaji. Nyumbani nina fimbo za zamani zimejaa chini ya kitanda mpaka wenzangu wamechoka kunisema, kwa hiyo ni rahisi mtu kusema huyu anazililia zile mali azibebe. Basi naandika mbele ya wote, kwenye ile stoo sitatoka na hata tii moja, kile kijiti cha kuwekea mpira. Nikitoka nayo nifukuzwe uanachama.

Ile stoo naijua tangu nikiwa kedi, yaani kijana wa kuwabebea wachezaji fimbo, tulikuwa tunatumwa humo kuchukua reki na bendera za mashimo. Mlangoni kuna pipa la fimbo zenye kutu, juu ya kabati mafurushi ya kadi za alama yamefungwa kamba, kuna picha za watu wamesimama mstari hazina jina hata moja, kuna chupa ya mipira ya zamani, na chini kabisa madaftari ya makedi, yaani nani alimbebea nani siku gani. Na kuna sanduku la mbao ambalo kila mtu anadhani ni la kupandia maua.

Lile sanduku si la maua Kapteni. Karibu nina hakika ni la mchanga. Zamani kabla ya tii hizi za mbao mtu alikuwa anachota mchanga wenye unyevu, anaufinyanga kama kichuguu kidogo, anaweka mpira juu yake ndo anapiga, na kila shimo lilikuwa na sanduku lake. Halafu mwaka 1899 daktari wa meno Mmarekani mweusi, George Franklin Grant, akasajili hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, ya tii ya mbao. Hakuifanyia biashara, alikuwa anawagawia tu marafiki, na kwa miaka mingi sifa zikaenda kwa watu wengine waliokuja kuuza za kwao baadaye. Mwaka 1991 ndo chama cha gofu cha Marekani, USGA, kikamtambua rasmi. Sasa jiulize alijulikanaje. Karatasi ya hataza ilikuwa bado ipo kwenye faili, basi.

Kuna hadithi nyingine huwa sichoki kuisimulia. Mwaka 1898 kwenye nyumba moja mji wa Hull, Uingereza, walifungua kabati lililokuwa limezibwa wakakuta fimbo za gofu nane, sita za kichwa cha mbao na mbili za kichwa cha chuma, na pamoja nazo gazeti la mwaka 1741. Leo zinaitwa fimbo za Troon na ni kati ya fimbo kongwe kabisa zinazojulikana duniani. Sasa wewe ungekuwa fundi umepewa kazi ya kusafisha lile kabati ungetupa nini kwanza? Gazeti, si ndiyo? Na gazeti ndo kitu pekee humo ndani chenye tarehe. Fimbo hazikuandikwa mwaka popote.

Ndo maana naogopa hii ya kuuza kwa mkupuo. Pipa litaenda kwa huyu, picha kwa yule, madaftari yatakuwa ya kufungia vitu, na siku tukitaka kujua ile fimbo ilikuwa ya nani hatutapata hata pa kuanzia.

Tuje kwenye zile fimbo za kutu, hapa naomba unisikilize sana maana nimesikia kuna kijana ameshaambiwa azipige msasa zing'ae zitundikwe ukutani. Jamani hapana! Fimbo zenye mpini wa mbao, ule mti wa hikori kutoka Marekani, ndo zilizotawala mpaka mpini wa chuma ulipokubaliwa, USGA mwaka 1924 na R&A, klabu iliyokuwa inasimamia sheria za gofu kule St Andrews, Uskoti, mwaka 1929. Wakati huo fimbo za kichwa cha chuma zilikuwa zinaitwa kwa majina, mashi, nibliki, hizi namba tulizozoea zilikuja baadaye. Na mhunzi alikuwa anagonga alama yake mgongoni mwa kichwa cha fimbo. Ukiona kiko, kile cha kuvutia tumbaku, hiyo ni kazi ya Tom Stewart wa St Andrews, ukiona mkono basi ni George Nicoll wa Leven. Hizo alama hazina kina, msasa wa dakika tano unazifuta, na alama ikishafutika hakuna fundi duniani wa kuirudisha, umebaki na chuma kinachong'aa kisicho na mwenyewe. Kutu ile ya kahawia iliyotulia haina haraka ya kula chuma, ifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu iachwe hivyo hivyo.

Mipira nayo isioshwe. Sitegemei kama kwenye ile chupa kuna ule wa manyoya, ingawa moyo haukosi kutamani. Ule ulikuwa wa ngozi, unashindiliwa manyoya ya bata bukini yaliyochemshwa, kofia nzima inaingia kwenye kampira kamoja, halafu ukikauka manyoya yanatanuka huku ngozi inajikaza, unakuwa mgumu kama jiwe. Fundi mzuri alitoa mitatu minne tu kwa siku, kwa hiyo mpira mmoja uliweza kuzidi bei ya fimbo. Mwaka 1848 ukaja mpira wa gatapacha, utomvu wa mti, wa bei nafuu, na hapo St Andrews wakagombana Allan Robertson, bingwa wa kutengeneza ya manyoya, na Tom Morris aliyekuwa anamfanyia kazi, kisa Tom kakutwa anachezea huo mpya. Mwisho wa karne ile ukaja mpira wa Mmarekani Haskell, uzi wa raba umezungushwa kwenye kiini, gatapacha nao ukafa. Ukishika mipira mitatu mkononi una historia nzima ya kwa nini gofu leo ni mchezo wa watu wengi. Lakini mipira imwagiwe maji na sabuni na zile rangi na maandishi vinakwenda na maji.

Madaftari ya makedi ndo yananiuma zaidi, labda kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Ule ubao wa herufi za dhahabu una majina ya makapteni wote waliopita na wewe jina lako litaingia, hongera, lakini walioutembea ule uwanja mara nyingi kuliko mtu yeyote wameandikwa kwenye yale madaftari peke yake. Na si watu wadogo kwenye historia ya mchezo huu. John Shippen alianza kama kedi pale uwanja wa Shinnecock Hills, Marekani, na mwaka 1896 akiwa kijana mdogo akaingia US Open, mashindano ya wazi ya gofu ya Marekani, kwenye uwanja ule ule, mchezaji wa kwanza mweusi. Wenzake walitishia kugoma, rais wa USGA Theodore Havemeyer akasema mashindano yataendelea hata bila wao, wakacheza. Alikuwa anagombea kabisa ubingwa mpaka shimo la 13 lilipomla mapigo 11! Mapigo 11 tunayajua mpaka leo kwa kuwa kuna mtu aliandika alama na mwingine hakutupa.

Hata sheria zenyewe za mchezo ni hivyo hivyo. Zile 13 za mwanzo, za mwaka 1744, ziliandikwa na wachezaji wa Leith, Uskoti, walipokuwa wanashindania fimbo ya fedha, akashinda daktari wa upasuaji John Rattray, na tunazo leo kwa sababu zilikaa kwenye kitabu cha kumbukumbu cha klabu. Kitabu cha klabu Kapteni, kama vile vyetu vilivyopo juu ya kabati.

Sasa ombi. Nipe wiki mbili kabla mafundi hawajaingia. Mimi na wanachama wengine wawili, uwachague wewe usinichagulie mimi marafiki zangu, tutapiga picha kila kitu pale pale kilipo kabla hakijasogezwa, tutakipa namba na tutaandika kimetoka rafu gani na kilikaa na nini. Halafu kamati iamue, mkitaka kuuza baadhi uzeni, lakini mtakuwa mnajua mnauza nini. Picha tuwaonyeshe wale makedi wazee watatu waliobaki, wanaweza kutaja sura nyingi, na tukiandika majina iwe kwa penseli laini nyuma ya picha, wino wa kalamu unapenya. Karatasi zisibandikwe selotepu wala zisipigwe lamineshen, najua inapendeza ila ni kuziua polepole. Na vyote vikae chumba kikavu kisichopigwa na jua, si chini ya paa la bati, mbao za zamani zikipata joto leo na unyevu kesho zinapasuka.

Kuna wakati kadi za miaka mingi zilichomwa moto nyuma ya uwanja kwa sababu tu kabati lilihitajika. Nilikuwepo, nilisaidia kubeba, na nilikuwa mdogo sikujua nabeba nini.

Kama umekubali, ufunguo wa stoo uachwe kwa mlinzi wa geti Ijumaa jioni, nitausaini kwenye daftari lake. Na yule kijana wa msasa tafadhali mpigie leo leo.

Wako, kedi wa zamani na mwanachama