Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni wa Mkoa wa Mtwara: tunaomba ukumbi tuione filamu ya Mueda

Ndugu Afisa Utamaduni,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa Historia katika sekondari moja hapa Mtwara. Nakuandikia hadharani kwa sababu ombi hili si langu peke yangu.

Ipo filamu ambayo natamani kila kijana wa mkoa huu aione kabla ya kumaliza kidato cha nne. Inaitwa Mueda, Memória e Massacre, ya mwongozaji Ruy Guerra, na ilirekodiwa mwaka 1979 Mueda kwenyewe, kwenye uwanda wa Wamakonde ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji. Pale, tarehe 16 Juni 1960, watu walikusanyika mbele ya ofisi ya mtawala wa Kireno kudai haki zao, wakamiminiwa risasi. Wawili waliosimama kuwasemea, Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, walikuwa wametokea huku kwetu Tanganyika. Wenyeji wa Mueda waliigiza siku ile mbele ya jengo lilelile, Guerra akapeleka kamera akawachukua waigizaji pamoja na umati uliokuja kuwatazama. Mwanakijiji anakuwa bwana mkubwa wa Kireno, watu wanamcheka, na katikati ya kicheko risasi zinaanza. Walioiona siku yenyewe nao wanasimulia.

Hao ni wajomba zetu. Nina wanafunzi ambao bibi zao walivuka mto ule na mtoto mgongoni. Nimeuliza madarasa matatu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia filamu hiyo. Za Kihindi na za Kichina wanazijua, na DJ anayezitia maneno ya Kiswahili wanamtambua kwa kikohozi tu. Sivilaumu vibanda umiza, vile vibanda vya kuoneshea video, vya Magomeni na Chikongola hapa mjini. Nimekulia humo, na ndimo nilimojifunza kupenda sinema. Ila kijana akilishwa chakula kimoja miaka yote, ataamini duniani hakuna kingine.

Muhula uliopita nilitundika shuka darasani, nikawaonesha Mandabi ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1968. Sembène alizaliwa Ziguinchor, kusini kabisa mwa Senegali, mtoto wa mvuvi. Alikwisha kuandika riwaya kwa Kifaransa, lakini akaona watu wake wengi hawawezi kuzisoma, akashika kamera na filamu hiyo akaitengeneza kwa Kiwolofu. Mzee anatumiwa hawala ya fedha na mpwa wake aliyeko Paris. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa. Cheti kinataka mtu anayejuana na mtu. Darasa lilicheka mpaka katikati, kisha likanyamaza. Binti mmoja akasema, "Mwalimu, huyu ni babu yangu." Tukabaki saa nzima baada ya kengele, wakibishana kwa nini kamera inamfuata mzee kwa nyuma, na nani ana haki ya kusimulia nchi.

Swali hilo la mwisho halikuanza jana. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na kituo cha filamu Vugiri, kule Usambara, wakitengeneza sinema za kumfundisha Mwafrika namna ya kuishi. Msumbiji ilipopata uhuru ilifanya kinyume chake: mwaka 1976 ikaunda taasisi ya taifa ya sinema, na magari yenye projekta yakaenda mpaka vijijini, wakulima wakajiona wenyewe kwenye pazia.

Niliwahi kuomba ukumbi mmoja wa hapa mjini. Nikajibiwa kwamba filamu ni burudani, nilipe kama mpiga disko. Niliumia, kwa sababu ngoma zetu za sindimba na mapiko huitwa utamaduni bila mjadala, na filamu inayobeba historia ya watu walewale inaitwa disko.

Ninachoomba ni Jumamosi moja kila mwezi, jioni, katika ukumbi wowote wa umma, bila kiingilio. Tutaonesha filamu moja, kisha tutaijadili: ya Senegali, ya Iran, ya Japani, na za kwetu pia. Naomba ofisi yako itushike mkono kwenye vibali vya Bodi ya Filamu na haki za kuonesha. Projekta ninayo, spika tutachangishana, na wapo wazee wanaojua Kimakonde cha ng'ambo watakaotufafanulia maneno.

Ya kwanza ningependa iwe Mueda, tarehe 16 Juni.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Historia, Mtwara