Omeprazoli inamezwa kama karanga

Mhariri,

Simama dakika kumi tu kwenye duka la dawa hapa Dodoma mjini, hutakosa kumsikia mteja akisema, "Nipe ya asidi." Haulizwi anaumwa wapi. Anakatiwa kadi ya omeprazoli, dawa ya kuzuia tumbo kutengeneza asidi, analipa, anaondoka. Kadi ikiisha anarudi.

Dawa hii ni nzuri, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba kila maumivu ya juu ya kitovu tumeyaita "asidi imezidi", na wapo ambao yao ni ndogo au imekauka kabisa. Dalili zinafanana mno: tumbo kujaa baada ya matonge mawili ya ugali, gesi, kucheua, kichefuchefu. Asidi hukauka pale bakteria wa vidonda vya tumbo, Helikobakta pailori, anapokaa miaka mingi bila kutibiwa na kumomonyoa utando wenye seli zinazoitengeneza. Wengine kinga yao wenyewe huzishambulia seli hizo. Wengine ni hivyo vidonge tu.

Asidi hiyo ndiyo mlinzi wa mlangoni. Watafiti wa Marekani waliwahi kuwanywesha watu waliojitolea vimelea vya kipindupindu: tumbo likiwa na asidi yake, ilihitajika milioni mia moja au zaidi ili mtu augue, wakitanguliziwa soda bikaboneti ya kuizima asidi hiyo, milioni moja ilitosha. Anayemeza omeprazoli kila siku mvua zinapoanza Desemba, na maji anakunywa ya kisima bila kuchemsha, ajue mlinzi wake amelala.

Kisha kuna damu. Kwetu madini ya chuma hutoka zaidi kwenye uwele, mtama, maharage na mlenda, na chuma cha mimea hakiyeyuki vizuri bila asidi. Tukitia magadi kwenye mlenda na kushushia chai ya rangi, kinachobaki ni kidogo sana. Chai isubiri saa moja. Badala yake unywe ubuyu uliokorogwa kwa maji safi, mlo huo huo, maana vitamini C inakisaidia chuma kupita. Na ubuyu Dodoma hatuagizi kutoka mbali.

Vitamini B12 ndiyo inayowapiga watu chenga. Seli zinazotoa asidi ndizo pia hutoa protini ya kuibeba. Zikifa, hata ule maini kila siku, B12 inayopita ni kidogo mno. Mgonjwa anahitaji sindano, au vidonge vya dozi kubwa kwa maelekezo ya daktari. Kwa anayemeza omeprazoli hali ni nyingine: protini hiyo ipo, ila B12 haibanduki kwenye nyama na mayai, hivyo kidonge cha kawaida cha B12 bado kinafanya kazi. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana ganzi ya nyayo, ulimi mwororo unaouma na kuyumba gizani huja mtu akiwa ameshasahau alianza dawa lini. Akipewa foliki asidi peke yake damu inapanda, lakini mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika. Kwenye majibu ya picha kamili ya damu, tazameni mstari wa MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu za damu: ikivuka 100, ulizeni kuhusu B12.

Kabla ya kumeza, pimeni. Kipimo cha damu cha bakteria wa vidonda vya tumbo huonyesha kinga ya mwili, na hubaki chanya miezi au hata miaka baada ya kupona, kwa hiyo watu wanatibiwa mara tatu ugonjwa ulioisha. Kipimo cha choo cha antijeni, yaani chembe za bakteria wenyewe, ni bora, ila omeprazoli iachwe wiki mbili kabla na antibiotiki wiki nne, la sivyo jibu linaweza kuwa hasi la uongo. Ile ya kunywa soda ya kupikia na kuhesabu dakika hadi ucheue haipimi asidi.

Anayetaka kuacha baada ya miezi mingi asikate ghafla. Asidi ikizimwa, homoni ya gastrini, inayochochea asidi, hupanda na seli huongezeka. Ukiacha, asidi hufurika na kiungulia kinarudi kwa kishindo hata kwa asiyekuwa nacho mwanzo. Mtu anadhani ugonjwa umerudi, kumbe ni dawa. Ashuke kutoka miligramu 40 hadi 20 kwa wiki mbili, kisha siku moja ndiyo moja hapana kwa wiki mbili nyingine, na tembe ya magnesiamu ya kutafuna pale kiungulia kinapobana. Aliyewahi kutapika damu, au anayetumia aspirini au diklofenaki kila siku, asiguse dozi bila daktari.

Na hiyo tembe ya magnesiamu isimezwe pamoja na FEFO, vidonge vya chuma na foliki asidi vya wajawazito. Ziachane saa mbili au zaidi. Kwa wanaotumia dolutegravir, ARV itangulie saa mbili, au isubiri saa sita baada ya tembe.

Wenye maduka wangeandika tu kwenye bahasha, chini ya "1 x 1 nusu saa kabla ya kula", tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kalamu ipo pale pale kaunta.

Mfamasia,
Dodoma