Mchana mmoja Jeevanjee

Nairobi

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka huku bara. Sisi ni wazima, ila baridi ndiyo haijatuzoea. Mama hajambo? Nisalimie yeye na watoto wote.

Uliniuliza mtu akichoka na mizunguko ya mjini hapa apumzike wapi. Nenda bustani ya Jeevanjee. Ukishaacha kelele za matatu pale Moi Avenue, unaingia, unachagua kivuli, unakaa. Hakuna wa kukuuliza umeagiza nini.

Nilipita juzi saa saba, watu wa maofisini wametoka kula. Wengine walikuwa wamevua viatu na kulala kwenye nyasi, gazeti usoni. Karibu yangu babu mmoja alikuwa akimbambulia mjukuu wake njugu, anapuliza maganda kwanza ndipo anamwekea kiganjani. Upande huu mhubiri ananguruma, upande ule watu wamefanya duara wanabishana kuhusu bei ya unga. Hao ndio Bunge la Mwananchi, raia wa kawaida wanaokutana hapo kujadiliana. Kijana wa mkokoteni alisimama akampinga bwana mmoja wa suti, hoja kwa hoja, na yule bwana akanyamaza kumsikiliza. Wapi kwingine mjini utaona hayo?

Bustani yenyewe ni ya zamani. A.M. Jeevanjee, tajiri aliyezaliwa Karachi, aliwapa watu wa Nairobi mwaka 1906, mji ukiwa bado mchanga. Sanamu ya Malkia Victoria aliyoiweka ilikatwa kichwa mwaka 2015. Lakini mimi linalonigusa ni la 1991, ulipotolewa mpango wa kujenga hapo maegesho ya magari na maduka. Mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, alisimama kidete, Wangari Maathai akamuunga mkono, wananchi nao wakakataa. Unakumbuka siku zile kuipinga serikali kulivyokuwa hatari! Mpango ukafa. Nawashukuru kwa moyo wote, maana yule babu na mjukuu wake wangekaa wapi? Hotelini lazima ununue chai.

Ukija likizo usikimbilie maduka makubwa. Tutapitia City Market tununue maembe, halafu tukae Jeevanjee mpaka jioni, nawe uingie kwenye lile duara useme ya Mombasa. Najua hutashindwa.

Wako akupendaye,
Swahiba wako