Vyama viwape wanawake majimbo

Mhariri,

Katiba ya Uganda ya 1995 iliipa kila wilaya kiti cha mbunge mwanamke, nasi tunashukuru. Lakini huku kwetu Arua, mama akitaka kugombea jimbo, wazee wa chama humwambia aende "kwenye kiti chenu". Hiyo si haki hata kidogo! Kiti cha wilaya ndicho kigumu: mara nyingi mbunge huyo huzunguka majimbo kadhaa, na ada ya uteuzi, iliyopandishwa mwaka 2015 kutoka shilingi 200,000 hadi milioni 3, ni ileile. Winnie Byanyima alishinda jimbo la Manispaa ya Mbarara, hakusubiri kiti cha wanawake. Viongozi wa vyama, acheni kuwazuia mama zetu kwenye kura za mchujo.

Msomaji wenu,
Arua