Wiki ya kwanza ya safari ndefu ya miguu si ya kukata kilomita

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nipinge ushauri unaorudiwa kila zinapoandikwa habari za safari ndefu za miguu, zile za wiki na miezi, hema na chakula vikiwa mgongoni. Ushauri wenyewe ni kwamba siku za mwanzo, nguvu zikiwa bado mpya, ndizo za kutembea sana. Wanaoufuata wengi huishia kuchechemea kabla wiki haijaisha.

Nguvu za siku ya pili na ya tatu hudanganya. Moyo na mapafu huzoea kazi upesi, misuli hufuata baada ya wiki chache, lakini kano na mifupa huhitaji miezi. Basi mtu hajisikii kuchoka kifuani, anaongeza mwendo, kumbe magoti, miundi na kano ya kisigino vinabebeshwa kisichozoeleka. Maumivu nayo hayaji siku hiyohiyo. Huja siku ya tano au ya sita, alfajiri, mtu anapotoka hemani.

Kilomita 12 hadi 16 kwa siku zinatosha wiki nzima ya kwanza, na pungufu ya hapo penye milima. Kilomita peke yake hazisemi kitu. Mskoti William Naismith alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado inafaa: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 15 zenye mita 900 za kupanda ni saa nne na nusu, bila mapumziko, na kwa mtu asiyelemewa na mzigo. Mwenye shanta lililojaa aongeze walau theluthi. Kushuka kusidharauliwe, maana magoti huumia huko zaidi kuliko kwenye kupanda: hatua ziwe fupi, na fimbo za kutembelea zirefushwe sentimita 5 hadi 10.

Kuhusu mzigo, kipimo cha kawaida ni moja ya tano ya uzito wa mwili, kila kitu kikihesabiwa. Mtu wa kilo 65 ana kilo 13. Chakula kikavu cha siku tano, gramu 800 kwa siku, ni kilo 4. Lita mbili za maji ni kilo 2. Zinabaki kilo 7 za hema, malazi, nguo, jiko na vikorokoro vyote, na hapo ndipo hesabu hugoma. Cha kwanza kupunguza ni nguo: seti moja ya kutembelea na nyingine kavu ya kulalia, basi, ukiacha soksi na koti la mvua. Wageni wa safari hizi pia hubeba chakula kingi mno mwanzoni, ilhali hamu ya kula hupungua siku za kwanza. Njaa kali huanza baadaye.

Shanta zuri likivaliwa vibaya ni mateso. Legeza mikanda yote kwanza. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni, ukazwe kabla ya mingine, kwa kuwa huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito. Ifuate mikanda ya mabega, kisha vile vikanda vidogo vya juu vinavyovuta shanta lisining'inie nyuma, na mwisho wa kifuani. Ndani, vizito vikae kati, karibu na mgongo. Mfuko wa kulalia uende chini kabisa.

Miguu ndiyo inayorudisha watu wengi nyumbani. Lengelenge huzaliwa na vitu vitatu vikikutana: joto, unyevu na msuguano. Kiatu kiwe kikubwa kwa nusu namba hadi namba nzima kuliko cha kila siku, kwa sababu miguu huvimba ikitembea kutwa. Kucha zikatwe siku mbili tatu kabla ya kuondoka, la sivyo mteremko mrefu utazifanya nyeusi. Soksi ziwe za sufu au nyuzi za viwandani, kamwe si pamba, na zibadilishwe mchana huku jozi nyingine ikikaukia juu ya shanta.

Ukisikia mahali pamoja panachoma, simama hapohapo. Si baada ya kilima kile, si kwenye maji yajayo. Kausha ngozi, bandika plasta ya kitambaa yenye gundi kali, na ukate pembe zake ziwe mviringo. Pembe kali hunaswa na soksi na kubanduka. Iache hadi itoke yenyewe. Lengelenge likishajaa maji na kuuma, litobolewe pembeni kwa sindano safi, maji yakamuliwe, na ngozi ya juu isichunwe, maana ndiyo kinga bora iliyopo.

Maji ya njiani yachemshwe dakika moja, au dakika tatu juu ya mita 2,000. Chujio la nyuzi ni jepesi zaidi, ila likiganda kwa baridi nyuzi hupasuka bila alama yoyote nje, nawe utaendelea kunywa ukidhani yamechujwa. Usiku wa baridi lilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia. Choo ni shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka kwenye maji, na mikono ioshwe kwa sabuni. Matumbo mengi huharibika kwa mikono, kisha kijito kikalaumiwa bure.

Mwisho ni kutofautisha maumivu. Uchovu wa misuli unaotapakaa mapajani hupungua ukishatembea nusu saa. Maumivu ya nukta moja juu ya mfupa, yanayozidi ukibonyeza kwa kidole na yasiyoachia hata umekaa, yanaweza kuwa ufa unaoanza. Hapo kutembea kukome na daktari atafutwe. Kano iliyovimba nayo inataka siku nzima ya kulala. Kwa hiyo zile siku tano za chakula zipangwe kwa mwendo wa siku nne.

Msomaji wenu