Bunju hajazoea sumu, kazaliwa hivyo

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya wanyama wenye sumu, iliyopambwa na chura wa manjano, niliisoma nikaikunja nikaiweka kando nikingoja hasira ishuke. Haikushuka. Gazeti lenu nimelinunua tangu nikiwa mwalimu wa baiolojia, makosa yenu nikiyasahihisha kwa kalamu nyekundu na kunyamaza. Hili la kusema bunju, yule samaki anayejivimbisha, hafi kwa sumu yake kwa kuwa mwili wake umeizoea kidogo kidogo, sinyamazi.

Maana hayo ndiyo maneno yaliyotaka kumwua mpwa wangu. Ni kijana wa mashua, na baharia mmoja alimfunza kuwa bunju analika: unaanza na kipande, siku nyingine unaongeza, mwili utajua wenyewe. Mara ya kwanza midomo ikamwasha, akafurahi, eti mwili unajifunza. Mara ya pili akala maini. Kufikia isha ulimi umekufa ganzi, vidole vimekufa ganzi, kusimama hawezi. Hospitali tuliulizwa kwanza kama kalewa. Kumbe akili yake timamu, anasikia kila neno, ila hata kope haziinuki! Dawa ya kuikata sumu hii haipo. Mgonjwa husaidiwa kupumua mpaka mwili uitoe. Basi usiku kucha tukapokezana kukamua mpira wa hewa, mimi, baba yake na jirani, nesi akituhesabia kamua, achia, kamua, achia, mkono ukiuma mpaka kwenye kiwiko. Alipona. Wiki hii kaniletea gazeti lenu, anacheka: mjomba, si unaona, hata wasomi wanasema mwili unazoea.

Sasa someni polepole. Sumu hiyo, tetrodotoksini, bunju haitengenezi mwenyewe. Hutengenezwa na bakteria, naye huikusanya kutokana na anavyokula, zaidi kwenye maini na mayai, na moto wa jikoni hauiondoi. Kazi yake ni kuziba vijitundu ambavyo sodiamu hupitia kuingia kwenye neva na misuli, kama kizibo kwenye mdomo wa chupa. Vikizibwa, ujumbe wa neva hausafiri, misuli ya kupumulia inalegea, mtu anakata pumzi. Kwa bunju, vinasaba vinavyojenga vijitundu hivyo vimebadilika. Pale mlangoni baadhi ya asidi amino, yaani matofali ya protini, si kama zetu, na kizibo hakishiki. Hakujifunza hilo. Kalirithi. Mababu zake waliozaliwa na badiliko hilo waliweza kula vyenye sumu wakaishi wakazaa, na sumu yenyewe ikawa kinga yao dhidi ya wenye kuwala; wasiokuwa nalo hawakuacha wajukuu. Hayo ni mamilioni ya miaka ya vifo, Mhariri, si mazoezi ya kijana mmoja na sufuria. Ushahidi mnautaka? Japani hufugwa bunju kwa chakula kisicho na bakteria hao. Anakua hana sumu kabisa, hajaionja tangu atotolewe, na bado ukimpa anastahimili kiasi ambacho samaki wa kawaida angekufa zamani. Huyo kazoea nini?

Na huyo chura. Mmeandika chini ya picha kuwa ni wa misitu ya Amani. Ni wa Kolombia! Amani ipo hapo juu ya Muheza, ina vyura wake wa kutosha, na nauli ya kufika huko haifiki bei ya kamera yenu. Tena mmekosea mnyama wa kutolea mfano, kwa sababu watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2021 walipima vijitundu vya sodiamu vya chura huyo wa manjano wakakuta sumu yake inavishika kama kawaida. Wanachodhani ni kwamba ana protini inayoinyonya sumu kabla haijafika kwenye neva. Vyura wengine wa huko, wenye sumu nyingine, wao walibadilika kipokezi cha neva, pale ujumbe unapopokelewa, badiliko hilo likavuruga kazi yake ya kila siku, ikabidi jingine lije kulisawazisha. Mambo matamu kama haya mnayaacha! Sayansi mnaipa robo ukurasa kwa wiki, imenyofolewa mtandaoni na picha yake, lakini nyota za kubahatisha zipo kila siku, na mikeka ya mpira imejaa kurasa mbili.

Ninachoomba ni kitu kimoja. Ijumaa moja ondoeni ukurasa mmoja wa mikeka, mchapishe bunju mzima, kwa rangi, akiwa amevimba na akiwa hajavimba, na chini yake kwa herufi kubwa: HAZOELEKI. Maandishi mengine msiweke, mtakosea. Na liwe toleo la Ijumaa hasa, maana la Ijumaa ndilo hubaki jingi bila kununuliwa, na Jumamosi alfajiri mama wauza vitumbua wa mnadani hulifungia vitumbua vya mabaharia.

Mwalimu mstaafu,
Makorora, Tanga