Darubini ya mara 525, na kwa nini stendi ndiyo ghali

Lalamiko linalorudi dukani ni hili: "Mbona yenu inakuza mara 48 na bei juu, na ile ya mtandaoni inakuza mara 525?" Wengine wameshainunua, wanatuletea wakidhani imeharibika.

Haijaharibika. Hiyo 525 inapatikana hivi: fokasi (umbali kutoka lenzi ya mbele hadi mwanga unapokutana) ya milimita 700 ukiigawa kwa lenzi ya jicho ya milimita 4 ni mara 175, halafu inapachikwa lenzi ya kuzidishia mara tatu. Lakini lenzi ya mbele ina upana wa milimita 60, na upana huo hauvumilii zaidi ya mara 120 hivi. Ukipita hapo unakuza ukungu tu. Kama unayo tayari, weka pembeni hiyo ya kuzidishia, tumia lenzi ya milimita 20, na mwezi utauona vizuri.

Kwa kutazama kwa jicho, tunauza Dobsoni, darubini ya kioo inayokaa juu ya kiti cha kuzungusha kwa mkono, ya upana wa milimita 200, fokasi 1200. Inakusanya mwanga mara 11 kuliko ile ya 60, na kwa kuwa kiti chake ni sanduku la mbao, pesa yako imekwenda kwenye kioo. Kwa lenzi ya milimita 10 pete za Zohali ziko wazi kabisa.

Tatizo huanza mtu anapofunga kamera kwenye Dobsoni hiyo. Anga huzunguka digrii 15 kwa saa. Kwa fokasi ya 1200 na kamera yenye pikseli za maikroni 4, nyota inavuka pikseli 20 na zaidi kwa sekunde moja. Mwezi utaupiga, hata kwa simu, kwa sababu una mwanga wa kutosha. Nyota zitatoka mistari.

Picha za nyota zinataka stendi ya ikweta yenye mota, yaani inayozunguka polepole kuifuata anga, na hapa ndipo wateja wanapoumia. Mhimili wake huinamishwa kwa digrii zilezile za mahali ulipo: Wete, Pemba, iko kama digrii 5 kusini mwa ikweta, Kizimkazi, Unguja, 6 na nusu. Stendi nyingi za bei ya chini zimetengenezwa kwa anga la Ulaya: skrubu ya kuinamisha inagota kabla ya kufika digrii 10, au inafika lakini fimbo ya uzito inagonga mguu wa stendi usiku katikati ya picha. Watu huweka tofali chini ya mguu wa kaskazini. Uzito wote unaegemea kusini, upepo ukivuma kidogo, kamera iko chini. Dawa yake ni stendi inayoshuka hadi digrii 5 na bomba la nyongeza kati ya kichwa cha stendi na miguu. Vyote viwili tunavifunga na kuvijaribu kabla hujaondoka navyo, na vimo ndani ya bei.

Kitabu cha maelekezo kitakwambia uilenge Nyota ya Kaskazini. Kwetu iko chini ya upeo. Na ncha ya kusini ya anga, ile nukta ambayo nyota huizunguka, iko chini mno, nyuma ya minazi na mvuke wa bahari. Kwa hiyo elekeza mhimili kusini kwa dira, kisha chagua nyota iliyo karibu na utosi wa anga, juu kabisa ya kichwa chako, na uitazame dakika tano. Ikihama kuelekea kaskazini au kusini, zungusha kichwa cha stendi kidogo kushoto au kulia mpaka itulie. Rudia kwa nyota ya mashariki iliyo chini, safari hii ukirekebisha mwinamo.

Ukija kununua stendi, njoo na kamera na lenzi zako. Tunazipima pamoja na darubini, na zikizidi nusu ya uzito ulioandikwa kwenye stendi, hatukuuzii hiyo kwa kazi ya picha.